Majina ya Kupoza Uji

Munkoyo inayouzwa siku hizi kando ya barabara hapa mtaani Bel-Air, ndani ya chupa za plastiki zilizookotwa sijui wapi, si munkoyo. Ni maji ya sukari yaliyopita karibu na mahindi. Nimesema, na wa kukasirika akasirike. Annie huwa ananiambia, "Nkambo, pole pole, tension itapanda." Lakini tension, hiyo presha, ni yangu, na munkoyo ni ya wazee wangu, kwa hiyo naomba mniache niseme.

Annie ananiita nkambo, bibi, kwa sababu mimi Adolphine ni dada wa babu yake. Anasoma chuo kikuu, anasoma uhai wa vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, na siku moja alikaa jikoni kwangu akanieleza kwa nini uji hugeuka kuwa munkoyo. Nilinyamaza muda wote huo, na mimi si mtu wa kunyamaza. Alipomaliza nikamwambia, "Sasa kaa vizuri. Wewe umenieleza uji. Mimi nitakueleza bibi yako Mujinga." Mujinga ni jina la kwao, si tusi.

Kwa asiyejua, munkoyo inatengenezwa hivi. Unapika uji wa mahindi, mzito kiasi. Unautoa kwenye moto, unauacha upoe kidogo, halafu unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, mizizi ya porini. Unafunika, unakwenda zako kulala. Kesho yake uji ule mzito umelegea wenyewe, umekuwa kinywaji chepesi, kitamu, na sukari hukutia hata kijiko. Ukiuacha zaidi unachacha, unatoa povu, na wanaume wanaanza kupita pita karibu na jiko wakitafuta cha kusalimia.

Kazi yote iko kwenye kule kupoa. Mizizi ikiingia uji ukiwa wa moto sana, imekufa. Ikiingia uji umepoa mno, inalala tu. Nyumbani kwetu, kule komini ya Kenia, mtaa wa mji huu, si ile nchi, hatukuwa na chombo cha kupima joto. Tulikuwa na kidole kidogo na majina. Unachovya kidole ndani ya uji na unataja wazee wa nyumba waliotangulia: Ngosa. Kunda. Mwape. Taratibu, kila mmoja na heshima yake. Kidole kikiungua kabla hujafika kwa Mwape, uji bado. Ukifika mwisho na kidole kimetulia, tia mizizi. Hivyo ndivyo mama yetu alivyofundishwa na mama yake, na hakuna aliyewahi kuharibu chungu.

Majina hayo mgeni hakupewa. Bibi-arusi alinong'onezwa na mama mkwe siku aliyopika munkoyo yake ya kwanza, na mjomba wetu, kwetu tunasema yomba, akija kuinywa mbele ya watu. Yomba akimaliza kikopo, basi. Mwanamke amekuwa wa nyumba, na hakuna wa kumgusa.

Sasa Mujinga. Kaka yangu Symphorien alikuwa mfanyakazi wa treni, na treni ilimpeleka mpaka jimbo la Kasai, na huko Kasai akaokota mke. Mama yetu, Mama Kapya, ndivyo alivyosema: ameokota. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya uhuru. Msichana akashuka stesheni na sanduku la mbao kichwani, mrefu, miguu myembamba, akicheka na kila mtu hata na mwenye kubeba mizigo. Akicheka sana alikuwa anatafuta ukuta wa kushika asianguke. Mimi nilimpenda kabla sijajua kama naruhusiwa.

Mama hakumpenda. Sombe yetu, majani ya muhogo, Mujinga aliiita matamba, basi kukawa na vita vya majani. Akipika bukari, yaani ugali, alichanganya unga wa muhogo na wa mahindi, kama kwao, na mama akauangalia ule mlima mlaini kwenye sahani kama mtu aliyeletewa godoro ale. Lakini baba yetu, Mumba, mzee wa reli aliyekwisha staafu, alimega, akatafuna, akamega tena. Baba hakuwa mtu wa maneno. Alisema tu, "Mutoto yangu, ongeza." Alimwita hivyo tangu siku ile, mutoto yangu, na mama akanuna wiki nzima.

Siku ya munkoyo ikafika. Yomba Edouard alitoka Lukafu na kifurushi cha mizizi mizuri, bado ina udongo wa kwao. Majirani walijaa lupango mzima, ua wote. Mujinga akapika uji wake, na mama akakaa kimya kwenye kigoda chake. Hakunong'ona hata jina moja. Msichana wa watu akamtazama, akasubiri, akamtazama tena. Mwishowe akafanya kama mtu yeyote anayejua kuchemsha chai au dawa: akatupa mizizi yote ndani ya chungu kikiwa juu ya mbabula, jiko la makaa, kinachemka puku puku.

Kesho yake chungu kilipofunuliwa, mwiko ulisimama wenyewe katikati.

Eh, tulicheka! Kucheka kulipita kutoka kwetu mpaka kwa jirani wa tatu. Tangu siku hiyo mtaani akaitwa Mama Mwiko. Yomba hakucheka. Alichukua kikopo chake kitupu, akakigeuza juu chini akakiweka chini. "Sikatai mutoto," akasema. "Nitakunywa siku ingine. Leo angali mugeni." Mujinga naye alicheka pamoja nasi, akashika ukuta kabisa. Halafu nikamkuta nyuma ya jiko anasugua kile chungu kwa mchanga. Kilikuwa kimekwisha kutakata zamani, na bado anasugua. Roho iliniuma.

Annie anasema ndani ya mizizi ile kuna vitu vidogo vinaitwa vimeng'enya. Kazi yao ni kukata wanga wa mahindi vipande vipande mpaka unakuwa sukari, ndiyo maana uji unalegea na kuwa mtamu. Lakini ukivichemsha vinaharibika, kama yai: yai likiisha kuiva halirudi kuwa bichi hata ulibembeleze. "Kumbe bibi yako alituchemshia mayai yasiyoonekana!" nikamwambia, na Annie akacheka, na yeye pia akashika ukuta. Damu haipotei.

Kuanzia hapo Mujinga akakaa nyumbani kwetu kama mtu aliyeachwa mlangoni. Mke wa Symphorien, ndiyo. Wa nyumba, bado. Kila siku ya posho, Jumamosi, mama alipika munkoyo ndani ya jiko, na Mujinga alikuwa nje anaosha vyombo, upande wa pili wa bati. Jiko letu lilikuwa la mabati matupu. Mimi sikulitia hilo maanani, wala mama.

Ungekuwa wakati wa amani, pengine mambo yangetengenea polepole, kwa watoto, kwa mazoea. Lakini uhuru ulikuja, na kabla hatujamaliza kucheza ngoma Katanga, jimbo letu, ikajitenga. Tukawa na nchi yetu, bendera yetu yenye misalaba ya shaba, pesa yetu, askari wetu. Niseme ukweli, siku za mwanzo tulishangilia. Halafu maneno yakageuka. Mtu wa Kasai aliyekuwa fundi wako wa cherehani, mwalimu wa mtoto wako, mama anayekukopesha chumvi, akawa mugeni. Neno lile lile alilosema yomba kwa upole likawa jiwe mkononi mwa vijana.

Kiangazi cha mwaka uliofuata watu wa Kasai walianza kuhama Kenia na magodoro vichwani, kwenda kwenye kambi iliyokuwa inalindwa na askari wa ONU, Umoja wa Mataifa. Walijenga vibanda kwa magunia na matawi, watu waliokuwa na nyumba za matofali na mapazia ya dirisha. Delphine, dada mkubwa wa Mujinga, naye mkazi wa Kenia, alikwenda na watoto wake. Alikuja kumwomba mdogo wake wafuatane. Mujinga akasema, "Bwana yangu iko hapa." Akabaki.

Kijana Constantin ndiye aliyekuwa mkubwa wa vijana wa mtaa wetu. Nilimjua tangu akitembea bila suruali. Sasa alipita lupango kwa lupango na rungu, anauliza nani analala ndani, "Banani banalala humu?" Baba yetu alikuwa anasimama mlangoni, mikono nyuma, na jibu lake lilikuwa moja kila mara: "Batoto yangu." Hakuongeza. Constantin aliangalia chini akapita. Baba alipokuwa hai, neno lake lilitosha.

Desemba vita viliingia mjini. Tulikimbilia kwa misheni, sisi wanawake, na Symphorien akatupeleka. Baba alikataa. Alisema nyumba haijilindi yenyewe. Bomu halikuanguka juu ya nyumba yetu, lilianguka kando, likachukua pembe ya paa, na likamchukua baba. Tulimzika kwenye mvua, haraka haraka, padre anasoma huku anaangalia juu. Mama hakulia. Alikaza kitambala chake, akarudi nyumbani, akafagia vigae. Na tangu siku hiyo jina la baba halikutoka kinywani mwake. Alisema "mwenye nyumba." Alisema "ule muntu." Mumba, hapana. Na sisi kwa kumwogopa tukaliacha nasi.

Chini ya lile tundu la paa palikuwa na gunia letu la mahindi, akiba yote. Mvua ilikuwa imelinyeshea siku zote tulizokuwa misheni. Tulipolifungua, mahindi yalikuwa yameota ndani, vijitawi vyeupe vimeshikana kama nywele. Mama akasema litupwe. Mujinga akalikumbatia gunia, akalivuta mpaka uani, akaanza kutandaza mahindi kwenye mkeka kwa mafungu.

"Juu ya nini unapoteza nguvu na mahindi ya kuoza, mulamu?" nikamuuliza wifi yangu. Nilikuwa na hasira na kila kitu siku zile.

"Haikuoza. Inaamuka tu," akasema. "Tia mukono."

Nikatia mkono katikati ya fungu. Palikuwa na joto. Nje mvua, sisi sote tumelowa, baba yumo ardhini, na yale mahindi tuliyotaka kutupa yana joto ndani yake kama mtoto aliyelala. Nikauacha mkono humo. Nililia, na Mujinga akanifunika mkono kwa mahindi zaidi.

Annie naye alinieleza jambo hilo. Mbegu ikikaa kavu inasubiri, haifi. Ikipata maji inaamka, inatengeneza vimeng'enya vyake yenyewe, inakata ile akiba ya wanga iliyowekewa ili kichipukizi kipate sukari. Na ndani ya kila seli ya kichipukizi sukari inachomwa, polepole, kwa hewa ile ile tunayovuta sisi, bila mwali, bila moshi. Nguvu inatoka, na joto kidogo linabaki. Ndilo joto nililoshika. "Ni vilevile ndani ya mwili wako, Nkambo," akasema. "Hata ukitukana wauza munkoyo, ni sukari inaungua." Mtoto hana adabu, lakini anasoma vizuri.

Mujinga alikausha mahindi yale juu ya bati kila jua lilipotokeza, akayasugua vijitawi vikaanguka, akayaweka kwenye debe. Kwao, alisema, bibi yake alikuwa anapikia kinywaji. Mama akapita akaangalia debe, akapita tena.

Basi, baba alipokwisha kufa, Constantin akarudi. Safari hii hakusimama nje. Aliingia mpaka uani.

"Pole ya musiba, Mama Kapya," akasema, na nadhani alikuwa anasema kweli. "Lakini mwenye kujibu amekufa. Sasa nani anajibu juu ya ule mwanamuke?"

"Yomba atakuya kwa matanga," mama akasema.

"Muzuri. Miye mutoto wa hapa, ninajua desturi. Yomba akikunywa munkoyo yake mbele yangu, ni wenu, sitauliza tena. Asipokunywa, siku ya posho lori inapita kwenda kambi. Apande na sanduku yake." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Wengine hawangojei lori, mama. Miye ninangoja."

Symphorien alikuwa ameegemea mlango. Alikuwa mpole kupita kiasi, kaka yangu, mpaka watu walidhani hana msimamo. Akasema, "Kama anaenda, miye pia ninaenda." Hakupandisha sauti. Nikamwona mama anashika ukingo wa kigoda. Alikuwa amezika mume, na sasa mwana anamwambia atapanda lori kwenda kwenye vibanda vya magunia, na baadaye treni ya Kasai, na huko nani angemrudisha? Lakini mama yetu alikuwa mgumu. Alisema tu, "Tungoje yomba."

Yomba Edouard alifika kwa baiskeli, kwa njia za porini, kwa sababu barabara ya Lukafu ilikuwa imekatwa. Alikuwa na matope mpaka kifuani na mikono mitupu.

"Mizizi iko wapi?" mama akauliza kabla hata ya kumpa maji.

Mzee akakaa chini kwanza. Akavua kofia. Kwenye kizuizi, akasema, askari walifungua kifurushi, wakaona mizizi imefungwa kwa kamba, wakaruka nyuma. Dawa ya vita! Wakamtaka aseme ni ya kuzuia risasi au ya kugeuza watu nyoka. Alipowaambia ni ya kinywaji, wakamwona mwongo zaidi. Wakaimwagia petroli wakaichoma, wote wamesimama mbali, hata mkubwa wao. "Mizizi ya munkoyo!" yomba akasema. "Na petroli inavyokosekana!" Siku nyingine tungecheka mpaka kesho. Siku ile hakuna aliyecheka. Mizizi mingine haikuwepo mji mzima, na kesho yake ilikuwa siku ya posho.

"Bila mizizi hakuna munkoyo," mama akasema, na akamtazama Mujinga. Mpaka leo sijui macho yale yalisema nini. Nadhani hata yeye hakujua.

Mujinga akapiga magoti mbele ya yomba. "Yomba, niko na mahindi yangu, ile iliota. Kwetu inalegeza uji."

"Mahindi iliota?" Constantin, aliyekuwa amekalia kiti chetu kizuri, akacheka puani. "Ile si munkoyo."

Yomba akajikuna kidevu. Alikuwa mzee mjanja, amekata kesi nyingi kule Lukafu, za mbuzi na za wake. "Desturi inasema uji ulegee," akasema. "Mimi sijasikia inasema nani aulegeze. Pika, mutoto."

Akapika mbele yetu sote. Alitwanga yale mahindi kwenye kinu, akachekecha, akaweka unga pembeni kwenye beseni. Akakoroga uji juu ya mbabula, akautoa, akauweka chini kwenye kata. Halafu akakaa. Mvuke ulipanda. Majirani walikuwa wamesimama juu ya ukuta wa matofali mabichi, na hakuna aliyemwita Mama Mwiko. Mama alikuwa kwenye kigoda, midomo imefungwa, kama mara ile ya kwanza.

Mujinga akachovya kidole kidogo ndani ya uji.

"Ngosa," akasema.

Mama akainua kichwa. Nani alimpa? Alinitazama mimi, na mimi nikatikisa kichwa: si mimi!

"Kunda."

Ndipo nikakumbuka lile bati la jiko, na vyombo, na siku zote zile za posho. Alikuwa anaosha na kusikiliza. Alipika nasi miaka yote ile, upande wa pili wa bati.

"Mwape."

Yalikuwa yamekwisha. Tulingoja atoe kidole atie unga. Hakutoa. Aliniambia baadaye kwamba unga wa mahindi yaliyoota ni dhaifu kuliko mizizi, unataka uji upumzike zaidi kidogo, na majina yalikuwa yamemwishia. Alihitaji moja zaidi. Angeweza kutaja la baba yake mwenyewe, au la bibi yake wa Kasai aliyemfundisha, na nani angemlaumu? Machozi yalianza kumshuka, na kidole bado kiko ndani ya uji.

"Mumba," akasema.

Mama yetu alitoa sauti ambayo sijaisikia tena. Alianguka kutoka kwenye kigoda akapiga ardhi kwa mikono yake, "Mumba! Mumba wangu, wee!", na kile kilio ambacho hakukitoa kaburini kikatoka pale, mbele ya majirani, mbele ya Constantin, kitambala kimemvuka. Sisi sote tukalia. Tukalia matanga ya kweli, ya kwanza. Na Mujinga, huku analia kuliko sisi, akatoa kidole, akatia unga, akakoroga, akafunika. Uji haungoji mtu amalize kulia.

Kesho yake tukakusanyika tena. Sanduku la mbao la Mujinga lilikuwa tayari karibu na mlango, na la Symphorien kando yake. Nilishindwa kuangalia chungu, nikaangalia masanduku. Mama ndiye aliyefunua. Akachovya kikopo, akakiinua juu, akamimina polepole.

Ilishuka nyembamba, kama maji. Mtu ukutani akapiga kigelegele kabla ya wakati, akanyamazishwa.

Desturi ni kwamba yomba anaanza. Mama akajaza kikopo na kukinywa yeye mwenyewe, mpaka mwisho, yomba amenyoosha mkono hewani. Akakijaza tena, na badala ya kumpa kaka yake, akapiga hatua mpaka kwa Mujinga, akamwekea mikononi.

"Kunywa, mutoto yangu," akasema.

Neno la baba. Mujinga akashika kikopo kwa mikono miwili, akanywa.

"Na miye nitakunywa lini, bamama?" yomba akaguna. "Nimepita porini kwa baiskeli!" Hapo ndipo kicheko kilipasuka. Mzee akanywa, akakung'uta tone la mwisho, akamgeukia Constantin. "Umeona?" Constantin akasimama, akajikuna shingo, akauliza kama kuna kikopo kingine. Alikunywa viwili, yule bila haya. Lori lilipita saa za mchana na halikusimama kwetu, na yeye hakurudi tena kuuliza nani analala humu.

Sitaki kusema kwamba yote yalikwisha vizuri. Delphine na watoto walipanda treni ya Kasai, na wengi walipanda naye, na Kenia ikawa na nyumba nyingi zenye milango wazi. Mujinga alikwenda kambini kumuaga dada yake na kibuyu cha munkoyo ile. Delphine alionja akasema, "Hii ya nkambo wetu." Hawakuonana tena. Kujitenga kwenyewe kulikufa mwaka uliofuata, bendera ikashuka, na misalaba ya shaba watu wakaweka kabatini. Nikikumbuka siku zile nakumbuka zaidi kile chungu.

Baada ya hapo Mujinga alipika ndani ya jiko, na mama kando yake. Waligombana kila siku ya posho, kuhusu moto, kuhusu matamba na sombe, na atakayewaingilia alifukuzwa na wote wawili. Munkoyo yetu ikawa ya mizizi nusu na mahindi yaliyoota nusu, na watu walitoka mtaa wa Katuba kuja kuinywa. Mama alipozeeka akasahau majina yetu, alikumbuka yale ya uji. Mujinga ndiye aliyemwogesha, na alipofariki ndiye aliyeongeza jina: Kapya. Miaka mingi baadaye akaongeza Symphorien, na siku hiyo hakucheka wala kushika ukuta. Orodha ilipozidi kuwa ndefu tulikuwa tunaanza kuhesabu uji ukiwa bado wa moto sana, kidole kinaungua kwa wale wa kwanza, na Mujinga alisema ni haki yao, wamekaa muda mrefu zaidi bila kusalimiwa.

Alituacha masika haya yaliyopita. Alikuwa na nywele nyeupe kabisa na miguu yake ile ile.

Kwenye matanga yake nilisema hakuna chupa ya plastiki itakayoingia lupango wangu. Annie alitafuta mizizi, na mahindi aliyaotesha mwenyewe chini ya gunia lenye maji, akanionyesha jinsi fungu linavyopata joto, kana kwamba sijui. Nikatia mkono hata hivyo. Uji niliupika mimi, kwa sababu nimebaki mimi. Nikautoa kwenye moto nikachovya kidole.

Ngosa. Kunda. Mwape. Mumba. Kapya. Symphorien.

Halafu nikakwama. Jina lililofuata nililijua, nikafungua kinywa na halikutoka. Uji unapoa. Watu wananiangalia, Adolphine mwenye mdomo, amekosa neno. Nikamwelewa mama yangu siku ile, baada ya miaka yote hiyo, na kigoda chake na midomo yake iliyofungwa. Ukilisema, amekufa.

Annie akachuchumaa kando yangu. Akachovya kidole chake kidogo ndani ya uji, karibu na changu.

"Mujinga," akasema.

Nililia pale pale, kwa sauti, bila aibu. Na uji ulikuwa umefika, kwa hiyo tukatia mizizi.